Raha Haihitaji Ufunguo wa Gari

Wacha niseme mapema, ili wale wa kukasirika waanze sasa: gari si tiketi ya kuishi. Kila mara mtu wa rika letu anapoposti vidio ya wikendi inayoanza na usukani, saa mkononi na nembo ya gari la kukodi, anatuuzia kitu kibovu. Anatuambia kwamba kabla hujapumzika lazima umiliki, ukope au ukodi chuma cha magurudumu manne. Nakataa. Na ushahidi wangu nautoa kule kule wenye vidio hizo wanakopenda kwenda kupiga picha: milima ya Alps.

Nazungumzia Innsbruck, mji mkuu wa jimbo la Tirol huko Austria. Ni mji mdogo. Watu wake ni kama 130,000 hivi, hawafikii hata robo ya wakaazi wa Kasarani. Umekaa kwenye bonde la mto Inn, mita 574 juu ya bahari, na milima imeuzingira pande zote kama watu wanaotazama mpira wa mtaani. Binamu yangu anasoma huko. Mwaka jana alinialika, nikakaa siku 12 mwezi wa Septemba. Kabla sijaondoka, kila msee aliyewahi kukanyaga Ulaya alinipa ushauri uleule: kodi gari, ama utakaa kwa nyumba ukiangalia milima kupitia dirisha. Sikukodi. Siku 12 sikuingia gari la mtu binafsi hata mara moja, na sijawahi kuzurura vile tangu nizaliwe.

Anza na hii. Katikati ya mji, dakika chache kwa miguu kutoka kile kibaraza chao maarufu chenye paa la dhahabu, kuna kituo cha treni kinachoitwa Congress. Ukiingia hapo unapanda treni ndogo inayovutwa na kebo, inakatiza chini ya ardhi, inavuka mto Inn, halafu inaanza kupanda mlima. Vituo vyake vilichorwa na Zaha Hadid, yule msanifu majengo mzaliwa wa Baghdad, na vilifunguliwa 2007. Vinafanana na barafu iliyoanza kuyeyuka. Kituo kimoja kinakushusha karibu na bustani ya wanyama iliyofunguliwa 1962, inayofuga wanyama wa Alps peke yake. Kituo cha mwisho kinaitwa Hungerburg. Hapo unahamia gari la waya (si lile tulilosukuma utotoni, hili linaning'inia), linakupeleka Seegrube, mita 1,905. Unahamia lingine, linakupeleka Hafelekar, zaidi ya mita 2,200. Ukitembea dakika chache tena uko kileleni, mita 2,334. Mbele yako kuna safu ya milima isiyo na nyumba hata moja. Nyuma yako, chini kabisa, unaona paa za mji ulikokunywa chai.

Kutoka katikati ya mji hadi pale juu ni kama nusu saa. Hapa Nairobi nusu saa huwa bado unangoja matatu ijae.

Sasa, kuna mtu ameshaanza kusema hiyo ni ya watalii wenye pesa. Ngoja, nitakujibu. Lakini kwanza sikia habari ya basi moja tu la mji, laini ya J. Ni basi la kawaida, lile la mama mwenye kikapu na mtoto wa shule. Upande mmoja wa njia yake linafika Hungerburg, mguuni mwa mlima wa kaskazini. Upande wa pili linafika Patscherkofel, mlima wa kusini wenye mita 2,246. Basi moja, milima miwili, na mji mzima katikati. Hakuna aliyehitaji kuwa na mjomba mwenye Prado.

Na hapo Patscherkofel ndipo nilipoelewa kitu ambacho wenye magari hawatakwambia, kwa sababu hawakijui. Kuna njia ya miguu inayoitwa Zirbenweg. Ina urefu wa kilomita kama 7, inapita kwenye misonobari mizee ya milimani juu ya bonde, karibu tambarare, mtu yeyote mwenye raba nzuri anaiweza. Unaianza Patscherkofel baada ya kupanda kwa gari la waya. Unaimaliza mlima mwingine kabisa, Glungezer. Unashuka kwa lifti ya upande ule hadi kijiji cha Tulfes, unapanda basi, unarudi mjini. Hurudi ulikotoka. Hukanyagi njia ileile mara mbili.

Sasa fikiria ungekuwa na gari. Umeliacha paking ya Patscherkofel. Ukifika Glungezer utafanya nini? Gari linakungoja upande ule mwingine, na saa za paking zinahesabika. Itabidi ugeuke, au utafute basi la kukurudisha kwa gari lako. Yaani mwenye gari anahitaji basi ili afaidi matembezi ambayo mimi nimeyafaidi kwa basi tangu mwanzo. Wanaita hiyo uhuru. Mbuzi aliyefungwa kamba ndefu naye anajiona huru mpaka kamba iishe.

Hii ndiyo hoja yangu, na nataka uishike vizuri kwa sababu watu wataipindisha. Sisemi kwamba gari ni dhambi. Nasema mji unaokulazimisha uwe na gari ndipo upumzike umekupora. Umechukua kitu kilichokuwa chako, jua la Jumapili na hewa ya msituni, ukakirudishia bei. Na mji ambao unakufikisha msituni kwa nauli ya kawaida haujakufanyia hisani. Umekutambua tu kwamba wewe ni mtu, na si mikono ya kazi pekee.

Angalia laini ya tramu namba 6. Inatoka mjini, inaingia msituni, msitu wenyewe, matawi yanakaribia kugusa vioo. Inapita karibu na kasri la Ambras, inasimama karibu na ziwa dogo la Lans ambako watu huogelea wakati wa kiangazi, halafu inaishia Igls, kijiji kilicho juu ya mji. Nilikuwa kwenye tramu ile siku ya wiki, saa za alasiri. Kulikuwa na wazee wawili na fimbo zao za kutembelea, msichana wa umri wangu na mbwa, na mvulana mmoja amelala. Hakuna aliyekuwa akielekea kazini. Tramu ilikuwa inatembea kwa sababu watu wanataka kwenda msituni, basi.

Laini ile ilianza 1900. Rudia kuusoma huo mwaka. Reli yetu ilifika Nairobi 1899, ikafika Kisumu 1901. Kwa hiyo usiniambie habari ya nani alianza mapema. Tofauti ni kazi iliyopewa chuma. Ya kwetu ililetwa na mkoloni ili ibebe mali yake na askari wake, na tulipoirithi tuliendelea kuiwazia mizigo na kufika kazini. Ya kwao ilijengwa ili mtu atoke mjini akapunge upepo. Mpaka leo ukiangalia njia zetu za matatu, zinakwambia tunakuonaje: asubuhi uletwe town, jioni urudishwe kulala. Katikati ya hapo na siku za mapumziko, jipange.

Kuna nyingine. Stubaitalbahn, treni nyembamba inayotoka mbele ya stesheni kuu ya Innsbruck na kupanda hadi Fulpmes, kilomita 18 hivi, mwendo wa kama saa moja. Ilianza 1904. Inapita vijiji na mashamba ya nyasi, inavuka madaraja membamba, na unaweza kushuka popote roho inapotaka, utembee kijiji kimoja au viwili, halafu uidake tena mbele. Nilifanya hivyo mara tatu. Ukitaka kwenda mbali zaidi kwenye bonde hilo, basi la 590 linafika mpaka mwisho wa barabara, pale pa kupandia kwenda kwenye barafu isiyoyeyuka mwaka mzima. Ukitaka upande mwingine, kuna treni ya kwenda Seefeld, kwenye uwanda wa mita 1,180 hivi. Reli hiyo ilifunguliwa 1912, imechimbiwa kwenye mwamba wa mlima, na treni inapopanda unaona bonde lote la Inn likizama chini yako. Ukitaka tambarare, kuna njia ya baiskeli kando ya mto hadi mji wa kale wa Hall, kilomita kama 10, na ukichoka unarudi kwa treni kwa dakika chache.

Winta ikifika, binamu yangu anasema, ni kawaida kumkuta mwanafunzi ndani ya basi la mji amevaa viatu vya ski, mbao zake mkononi, kitabu cha mtihani kwenye begi. Anatoka lekcha, anapanda mlima, anateleza, anashuka, anarudi kusoma. Mji huo umewahi kuandaa Olimpiki za majira ya baridi mara mbili, 1964 na 1976, na zile za vijana 2012. Lakini si Olimpiki zilizonishangaza. Kilichonishangaza ni yule mwanafunzi wa kawaida asiye na gari ambaye mlima uko kwenye ratiba yake ya Jumanne.

Haya, pesa. Nilisema nitajibu.

Ni kweli, kupanda hadi kule Hafelekar na kushuka kwa gari la waya kunapita euro 40. Hizo ni zaidi ya shilingi 6,000, na ziliniuma. Niliipanda mara moja tu. Lakini mlima uleule una njia za miguu zinazoanzia pale Hungerburg, na hakuna lango, hakuna kibanda cha tiketi, hakuna askari wa kukuuliza unaenda wapi. Unatembea msituni mpaka kwenye mikahawa ya mlimani kama Umbrüggler Alm au Arzler Alm, unanunua supu ukitaka, na usipotaka unakula mkate wako uliobeba. Hiyo si bahati. Ni sheria. Sheria ya misitu ya Austria ya 1975 inampa kila mtu haki ya kuingia msituni kujipumzisha, hata msitu wa mtu binafsi, isipokuwa sehemu zilizofungwa kwa sababu maalum. Haki, wasee. Si ofa ya wikendi.

Na nauli? Tiketi ya jimbo inatambuliwa kwenye basi, tramu na treni. Hakuna kulipa upya kila unapobadilisha. Tarehe 26 Oktoba 2021 nchi nzima ilianzisha kadi inayoitwa KlimaTicket: unalipa mara moja kwa mwaka, unapanda karibu usafiri wote wa umma wa Austria. Ilipoanza bei ilikuwa euro 1,095. Piga hesabu: euro 3 kwa siku. Kuna pia kadi ya burudani ya Tirol ambayo ukishainunua inakufungulia magari ya waya, mabwawa ya kuogelea na viwanja vya barafu kwa mwaka. Watu walikaa chini wakafikiria raha ya mtu wa kawaida kama vile sisi tunavyofikiria mambo ya bomba la mafuta.

"Lakini hao ni matajiri." Nimeisikia hii mpaka nimechoka. Twende pole pole. Gari la waya la Nordkette, lile la kwenda Hafelekar, lilijengwa 1928. Austria ya 1928 ilikuwa nchi gani? Nchi iliyoshindwa vita miaka kumi nyuma, ikapoteza himaya yake yote, na pesa yake ikaporomoka mpaka 1925 wakalazimika kuanza kutumia sarafu mpya. Sijui unataka umaskini gani tena ndipo ukubali kwamba huu ulikuwa uamuzi. Hawakungoja wawe matajiri ndipo wapumzike. Mlima waliounganisha na mji wao wakiwa wamefilisika sasa unawaingizia pesa za watalii kila siku.

Sitaki pia nikudanganye kwamba Tirol ni pepo lisilo na magari. Wacha. Kusini mwa Innsbruck kuna njia ya Brenner, barabara kuu inayovuka Alps kwenda Italia, na malori zaidi ya milioni 2 huipita kwa mwaka. Siku nilipopanda ile treni ya Stubai nilikuwa naisikia. Kiangazi na winta inajaa wasafiri wa likizo mpaka haisongi. Wajanja wakaanza kuchepuka kupitia vijijini wakifuata simu zao. Unajua serikali ya jimbo ilifanya nini? Tangu kiangazi cha 2019, wikendi za msongamano, inawazuia wapita njia wasitoke kwenye barabara kuu. Umeamua kuja na gari? Basi kaa na gari lako kwenye foleni yako, kijiji cha watu si njia yako ya mkato. Na wakati huohuo, chini ya mlima uleule, wanachimba handaki la treni la kilomita 55. Picha iko wazi: watu wale wanaolipa maelfu kwa kukodi gari ili "waone Alps" wanaziona kupitia kioo cha mbele, nyuma ya lori la Bulgaria. Mimi nilikuwa nakula tufaha kwenye treni.

Sasa nije kwa kitu ambacho hakichekeshi.

Nilikuwa na rafiki tuliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. Tulipofika miaka 20, kikundi chao kilichanga pesa wakakodi gari kwenda kujibamba Naivasha. Walikuwa watu watano. Aliyeendesha alikuwa amepata leseni miezi michache nyuma, na usiku wa kurudi alikuwa amekunywa. Rafiki yangu alikuwa kiti cha nyuma. Tulimzika kwao siku ya Jumamosi, na vidio yake ya mwisho ilikuwa bado iko juu, muziki mkubwa, mkono nje ya dirisha. Watu waliipa laiki kwa siku tatu kabla mamake hajaomba itolewe.

Katika miaka ya hivi karibuni ajali zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwenye barabara zetu. Sisi tunasema "ni barabara", "ni pombe", "ni shetani". Hakuna anayeuliza swali la kijinga kabisa: kwa nini vijana watano waliotaka tu kuona ziwa na kula samaki walilazimika kumpa mmoja wao usukani? Kule Seegrube niliwaona vijana wa umri wetu wakinywa bia juani, na wengine walikunywa vizuri tu. Halafu wakashuka na gari la waya, wakapanda tramu, wakaenda kulala. Dereva alikuwa mtu wa kazi, mwenye zamu, mwenye mshahara, ambaye hajalewa. Hiyo ndiyo tofauti yote. Vijana wale si wema kutuliko. Wamejengewa njia ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo mtu akiniambia usafiri wa burudani ni anasa, kuna vitu vya maana kwanza, namwangalia tu. Vijana hawataacha kutoka. Hilo halijawahi kutokea popote duniani. Swali ni watarudi na nini.

Na kuna hii ngazi ya maisha tuliyokabidhiwa: soma, pata digrii, pata kazi, nunua gari, halafu sasa uanze kuishi. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili. Sina digrii, sina gari, na kwa hesabu za hiyo ngazi mimi bado sijaruhusiwa kufurahi. Mko wengi hivyo. Naona jumbe zenu: "nikishika kitu nitaanza kusafiri", "nikipata ndai nitaona nchi". Miaka 22, 23, umri wa magoti mazima, umekaa kwa keja ukiangalia milima ya watu wengine kwa simu, unangoja gari. Gari ambalo likija litakuja na mkopo, na mkopo utakuja na kazi ya Jumamosi.

Hebu nikupe hesabu itakayokusumbua usiku. Kile kilele cha Hafelekar, ambacho watu wanavuka bahari kukiona, kina mita 2,334. Kilele cha Ngong, pale tu nje ya Nairobi, kina mita 2,460. Tumewapita. Milima ya Ngong iko juu kuliko mlima wa posta kadi. Kwa upande mmoja unaona jiji, upande wa pili Bonde la Ufa linafunguka mpaka macho yachoke. Hatujanyimwa mlima. Tumenyimwa basi linalofika mlangoni pake, lenye saa zinazojulikana, siku ya Jumapili, na la kukurudisha jioni bila kuongeza nauli kwa sababu mvua imenyesha.

Ndiyo, kuna njia. Panda 111 mpaka Ngong, halafu boda au miguu mpaka langoni. Inawezekana, na nimeifanya mara nyingi. Lakini inawezekana kwa sababu wewe ni mkaidi, si kwa sababu kuna mtu alikupangia. Mama yako haiwezi. Dada yako mwenye mtoto mgongoni haiwezi. Rafiki yako wa kiti cha magurudumu asahau. Kule Innsbruck nilipanda gari la waya pamoja na kikongwe mwenye kigari cha kutembelea, amevaa vizuri kama anaenda kanisani. Yeye hakuwa mkaidi, alikuwa na ratiba tu.

Na kabla hamjaniambia mambo ya bustani na misitu ni ya Wazungu, kumbukeni Wangari Maathai. 1989 alisimama mbele ya serikali iliyotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Miaka kumi baadaye akapigwa akiitetea Karura. Mwanamke yule alielewa kwamba mtu asiye na pesa anahitaji mahali pa kukaa chini ya mti kuliko hata mwenye pesa. Alitulindia mahali. Kazi iliyobaki ni njia ya kufika, na hiyo ni yetu.

Najua nitaambiwa nimeenda Ulaya siku 12 nikarudi na masomo. Sawa. Lakini angalia ninachoomba. Siombi gari la waya. Siombi Zaha Hadid. Naomba vitu vitatu ambavyo havihitaji hata mita moja ya reli mpya. Kwanza, kaunti ikitoa leseni za njia za matatu, iweke njia za wikendi zinazoishia misituni na milimani, na saa ya mwisho ya kurudi iandikwe ubaoni. Pili, stejini pawe na ubao unaosema ukishuka hapa, msitu uko kilomita ngapi, lango liko upande gani. Tatu, kila mwanasiasa akija kuomba kura yako na barabara mpya mdomoni, muulize: hiyo barabara itanifikisha wapi Jumapili nikiwa sina gari? Mwache atafute jibu mbele ya watu.

Na kwenu wenzangu wa kamera, ombi langu ni fupi. Acheni kuanza vidio na usukani. Anzeni na nauli. Onyesheni stejini, onyesheni konda, semeni shilingi ngapi kwenda na ngapi kurudi, na gari la mwisho ni saa ngapi. Vidio ya namna hiyo haitapendeza wauza magari. Lakini kuna mtoto wa Form Four pale Kayole ataitazama, ahesabu pesa alizonazo mfukoni, na agundue kwamba zinatosha.

Jumamosi hii naenda Ngong. 111, saa mbili kamili asubuhi, pale pa kupandia town. Bebeni maji, sweta na nauli ya kurudi. Mwenye gari anakaribishwa, aliache nyumbani.